Kuitwa mkutanoni si kushauriwa: kampuni za kawi na wenyeji wa Pwani

Ukiwauliza watu wa Pwani kwa nini mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu haukujengwa, wengi watakwambia ni moshi. Wengine watataja jivu, maji ya moto ambayo yangerudishwa baharini, mikoko na samaki. Yote hayo yalisemwa, na yana uzito wake. Lakini ukisoma uamuzi wa Jopo la Kitaifa la Mazingira wa Juni 26, 2019, ule uliofuta leseni ya kampuni ya Amu Power, utakuta jambo lililobeba mzigo mkubwa ni jingine: namna kampuni ilivyozungumza na wenyeji, na namna NEMA ilivyopitisha kazi hiyo kana kwamba imekamilika.

Naandika haya kwa sababu miradi ya kawi haijaisha. Upepo, jua, nyuklia, nyaya kubwa za kusafirisha umeme, utafutaji wa mafuta na gesi baharini: kila baada ya muda kuna gari la kampuni limeegeshwa chini ya mwembe karibu na ofisi ya chifu. Wakazi huitwa, hukaa, husaini karatasi, hupewa soda, hurudi nyumbani. Miezi kadhaa baadaye wanasikia redioni kwamba jamii iliunga mkono mradi. Basi ni vizuri mtu ajue kushirikishwa ni nini kwa mujibu wa sheria na kunapitia hatua gani, ili zamu ya kijiji chake ikifika asikute mambo yameshaamuliwa.

Wadau ni akina nani

Neno "wadau" limetumika hata limepoteza makali. Kampuni inapoanza mradi huandika orodha yao na kuwapanga kwa makundi. Wapo wenye mamlaka: Wizara ya Kawi, EPRA inayosimamia kawi na petroli, NEMA ya mazingira, Tume ya Kitaifa ya Ardhi na serikali ya kaunti. Wapo wenye pesa, yaani mabenki na wawekezaji. Wapo wenye sauti, kama wabunge, wawakilishi wadi, mashirika ya kijamii, maimamu, wachungaji na waandishi wa habari. Mwisho wapo wanaoathirika, yaani wavuvi, wakulima, wafugaji, wakata mikoko, wenye nyumba, wenye makaburi ya wazee wao pale pale mtambo utakapokaa.

Kasoro ya upangaji huu ni kwamba mara nyingi mtu hupimwa kwa uwezo wake wa kuusimamisha mradi. Mbunge anaweza, kwa hiyo anapigiwa simu na mkurugenzi. Mama anayekwenda mwambani kuvua pweza wakati wa bamvua hawezi, kwa hiyo anapata habari za mradi kwa jirani. Tena kampuni nyingi humfikia yule wa chini kupitia yule wa juu: chifu huambiwa alete watu hamsini, naye huleta anaowajua. Hivyo ndivyo unavyokuta mikutano mitano na nyuso zile zile katika yote mitano.

Kampuni kubwa huwa na afisa wa kuiunganisha na jamii, kwa kawaida kijana wa pale pale anayejua Kiswahili cha mtaani na lugha ya kwao. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mchana anaambiwa na wakubwa awatulize watu, jioni anakaa barazani na watu wale wale wakimuuliza kwa nini amewauza. Nimewaona vijana wazuri wakihama mtaa kwa ajili ya kazi hiyo. Kampuni yenye busara humpa kijana huyo uwezo wa kupeleka maswali juu na kurudi na majibu ya maandishi. Isiyo na busara humpa fulana na salio la simu.

Sheria inavyotaka

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, imeweka ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa wa serikali. Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari, cha 42 haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika kulinda mazingira. Hivyo ndivyo vifungu ambavyo mawakili hushika kila kesi ya aina hii inapofika kortini.

Chini ya Katiba ipo sheria ya mazingira ya 1999, inayojulikana kama EMCA, pamoja na kanuni zake za 2003 kuhusu tathmini ya athari za mazingira. Kanuni ya 17 ndiyo ya kuijua kwa moyo. Inamtaka mwenye mradi, wakati wa kufanya utafiti, atafute maoni ya watu watakaoathirika. Abandike matangazo karibu na eneo la mradi, atangaze gazetini na redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na afanye angalau mikutano mitatu ya hadhara na jamii husika kueleza mradi na athari zake, akipokea maoni ya mdomo au ya maandishi. Angalia maneno hayo: mradi na athari zake. Kumweleza mtu kwamba mtambo unakuja na utaleta kazi ni nusu ya sentensi.

Ripoti ikishakamilika hupelekwa NEMA. Hapo mlango wa pili unafunguka. NEMA hutangaza kwamba ripoti ipo, hukaribisha maoni, na inaweza kuitisha kikao cha hadhara kabla ya kuamua. Ikikubali, hutoa leseni yenye masharti. Asiyeridhika anaruhusiwa kukata rufaa mbele ya Jopo la Mazingira ndani ya siku 60.

Mwaka huo huo wa 2019, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushiriki wa umma lazima uwe wa kweli, si wa kupaka rangi juu juu, na watu wapewe nafasi ya kutosha na habari za kutosha kabla ya kuulizwa wanaonaje. Kesi hiyo haikuhusu kawi, lakini kipimo chake kinatumika kote.

Kilichoiangusha Amu Power

Mradi ulikuwa mkubwa. Mtambo wa takriban megawati 1,050 eneo la Kwasasi, bara ya Lamu, ukiongozwa na kampuni za Gulf Energy na Centum pamoja na washirika wa kigeni. Makaa yangeletwa kwa meli kwanza, baadaye yangetoka Kitui. Ng'ambo ya maji upo mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Shirika la Save Lamu pamoja na wakazi kadhaa walikata rufaa.

Kampuni ilijitetea kwamba mikutano ilifanyika mingi. Ni kweli ilifanyika, na kumbukumbu zake zilikuwapo. Hapa ndipo penye somo ambalo wengi hulipita. Jopo halikusema kwamba watu hawakuitwa kabisa. Lilitazama mikutano ile ilifanyika lini na ilizungumza nini. Mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti haujatoa majibu. Utafiti ulipokamilika, ikajulikana ni hewa gani itatoka, jivu litawekwa wapi, bahari itapata joto kiasi gani, hakuna aliyerudi kwa watu wa Lamu akawawekea matokeo hayo mezani na kuwauliza wanasemaje. Jopo lilifananisha ushiriki wa umma na hewa ambayo utafiti wa mazingira unaivuta ili uishi. Ikikosekana, ripoti huzaliwa mfu hata iwe nene vipi.

Fikiria mtu anakuja kuposa. Siku ya kwanza anasema tu kwamba ana kijana mzuri. Hamjui kijana ana kazi gani, ana wake wangapi, anaishi wapi. Mnamkaribisha kahawa na halua, mnamwambia karibu. Halafu mnapokea kadi ya harusi. Ukilalamika unaonyeshwa picha yako ukinywa kahawa.

Jopo lilitaja pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa ipasavyo. Likafuta leseni, na kusema kampuni ikitaka kuendelea ianze tathmini upya kwa kufuata sheria. Baada ya hapo wenye pesa nao wakaanza kuondoka. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema mwaka 2019 haitaufadhili mradi, na benki ya ICBC ya China ikajitoa mwaka 2020. Kampuni ilikuwa imekata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikaitupa rufaa hiyo.

Nisiwadhulumu waliokuwa upande wa pili. Walikuwapo watu wa Lamu walioutaka mtambo, hasa vijana waliochoka kukaa bila kazi, na wenye mashamba waliokwisha kuhesabu fidia. Nao pia walikosewa. Mradi ungefuata njia, wangejua mapema kama ni ndiyo au la, badala ya kungoja miaka kumi wakishika ahadi.

Zawadi haibadilishi hati ya ardhi

Turudi nyuma kidogo tuangalie kwingine nchini, kwa maana makosa haya hayakuanzia kwetu.

Kule Marsabit, karibu na Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo ya Lake Turkana Wind Power yenye uwezo wa megawati 310. Hii si kampuni iliyokuja mikono mitupu. Ilitengeneza barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis, na ikaanzisha wakfu wake wa kusaidia shule, maji na afya. Mtu angedhani mahali hapo hapana ugomvi. Lakini wakazi walikuwa wamekwenda mahakamani kuhusu ardhi, ekari 150,000, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria iliyotakiwa. Wakati huo mitambo ilikwisha kusimama na umeme ulikuwa kwenye gridi.

Kampuni hupenda kuchanganya vitu viwili, msaada na ridhaa. Kisima ni kitu chema. Bweni la shule ni kitu chema. Ila aliyenichimbia kisima bado hajaniuliza kuhusu shamba langu. Na ukitazama vizuri, msaada huamuliwa na kampuni peke yake, wakati ridhaa inaihitaji kampuni ingoje jibu ambalo pengine haitalipenda. Ndiyo maana moja hutangazwa kwa picha na nyingine huachwa kwa mawakili.

Kinangop, Nyandarua, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mradi wa upepo wa megawati 60.8 ulikuwa na mikataba ya kukodi mashamba. Lakini habari za kueleweka hazikuwafikia watu wa kutosha, na mahali pasipo habari pana uvumi. Ikasemwa mitambo italeta magonjwa, mifugo itaharibu mimba, mashamba yatachukuliwa. Yalifuata maandamano makali mwaka 2015, na mwaka 2016 mradi ukaachwa kabisa. Uvumi mwingi ulikuwa wa kupuuzwa, ila nani angeupuuza wakati mwenye majibu hayupo?

Kisa cha Olkaria, Naivasha, kinafundisha jambo la lugha. KenGen iliwahamisha Wamaasai mwaka 2014 kupisha mtambo wa mvuke wa Olkaria IV. Nyumba zilijengwa, mahali papya pakatafutwa. Wakazi hata hivyo walilalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimetoa mkopo. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia liliona, pamoja na mengine, kwamba lugha ya Kimaa haikutumika vya kutosha katika mashauriano na kwamba baraza la wazee lilisukumwa pembeni. Hatimaye pande mbili zilikaa na wapatanishi na kufikia makubaliano mwaka 2016. Natamani kila afisa wa kampuni akisome kisa hiki kabla ya kushuka Pwani na ripoti ya mamia ya kurasa kwa Kiingereza, akitarajia mzee wa Kigiriama au wa Kibajuni aseme neno juu yake katika dakika kumi.

Pwani ina yake

Kwanza, ardhi. Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu zimejaa watu waliozaliwa, wakaoa na wakazika mahali ambapo hawana hatimiliki. Kampuni inapokuja kuhesabu wa kufidiwa, hushika sajili ya ardhi. Mwenye jina kwenye sajili yuko Mombasa au Nairobi, pengine hajakanyaga pale miaka thelathini. Aliyepanda minazi ndiye huitwa skwota. Kampuni inayotaka amani huhesabu watu na mazao yao, haihesabu hati peke yake, na hutangaza mapema siku ya mwisho ya kuhesabu ili watu wasijenge vibanda usiku kutafuta fidia. Kwa ardhi ya jamii, sheria ya 2016 inataka mkataba wowote wa uwekezaji upitishwe na theluthi mbili ya wanajamii waliokusanyika mkutanoni. Hicho ni kinga kizito. Kwa bahati mbaya, sehemu nyingi kwetu ardhi ya jamii haijasajiliwa, kwa hiyo kinga hiyo imebaki kwenye vitabu.

Pili, bahari. Mvuvi hana hati ya maji. Anajua tu mwamba wake na njia yake. Ndiyo maana uamuzi wa Mahakama Kuu ya Malindi wa 2018 kuhusu bandari ya Lamu ulikuwa mkubwa kwetu sote: wavuvi wapatao 4,600 waliamuliwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kupoteza maeneo yao ya uvuvi. Ile ni bandari, si kampuni ya kawi, lakini msingi uliowekwa unamgusa yeyote atakayechimba gesi, kutandaza bomba au kumwaga maji ya moto baharini. Uvuvi wa asili ni mali, ukiuharibu unalipa.

Tatu, wakati. Hili linaonekana dogo lakini ndilo huamua nani ataketi mkutanoni. Mkutano wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, utawakosa wavuvi kwa sababu wako kazini. Wa Ijumaa saa sita mchana utakosa nusu ya kijiji. Wa hotelini Malindi au Mombasa utawapata wale wanaolipiwa nauli. Na ukiwaweka wanawake nyuma ya uwanja bila kipaza sauti, usitarajie kusikia chochote kuhusu pweza, kaa na kuni, ambazo ndizo shughuli zao. Makampuni yaliyojifunza hufanya kikao cha wanawake peke yao, na kingine na wavuvi pale bandarini wanapotua samaki.

Uyombo, Kilifi, karibu na mkondo wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, tuliyaona haya yote kwa pamoja. Wakala wa Nyuklia na Kawi, NuPEA, ndiye aliyekuwa akipigia debe mtambo wa nyuklia hapo. Si kampuni ya kibinafsi, ni shirika la serikali, ila kwa mkazi tofauti hiyo haipo. Watu walisema wanasikia habari za kwao kutoka magazetini. Mwaka 2024 waliandamana na kukabiliana na polisi. Baadaye mazungumzo ya serikali yakaelekea upande wa Siaya. Sidhani kwamba kila aliyeandamana alikuwa mtaalamu wa mionzi. Wengi walikuwa wanajibu swali moja tu, kwamba kama jambo hili ni zuri hivyo, kwa nini tunaambiwa mwisho?

Baada ya leseni

Watu wengi hudhani leseni ikitoka, mazungumzo yamekwisha. Kumbe ndipo yanapoanza ya kila siku: vumbi la malori, kelele za usiku, kijana wa kutoka bara aliyepewa kazi ya ulinzi, ng'ombe aliyegongwa, nyaya zilizopita juu ya nyumba.

Kwa haya, kampuni inayokopa kwenye mabenki ya kimataifa hutakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Viwango vya IFC, ambavyo mabenki mengi huvifuata, vinataka utaratibu huo uwe rahisi kufikiwa, bila malipo, na usimzuie mtu kwenda mahakamani. Kwa lugha nyepesi lazima kuwe na daftari, mtu wa kulishika, nambari ya kila lalamiko, na siku ya kujibiwa. Uliza nambari yako. Lalamiko lisilo na nambari limesemwa kwa upepo.

Faida nayo ina hesabu zake, na hapa watu hudanganywa sana. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke wa ardhini ugawanywe asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo. Sheria ya petroli ya mwaka huo pia imetenga asilimia 5 ya jamii. Lakini kifungu hicho cha mrabaha katika Sheria ya Kawi ni cha mvuke. Hakigusi upepo wala jua, ambavyo ndivyo tulivyo navyo huku. Mtu akikuambia barazani kwamba "sheria inawapa asilimia tano" ya mtambo wa jua, muombe akuonyeshe kifungu. Huku kwetu, gawio la jamii katika upepo na jua linatoka kwenye mkataba mliokubaliana kabla ya ujenzi, likiandikwa kiasi, nani anashika akaunti, na kunatokea nini kampuni ikiuzwa kwa wengine. Na kampuni hizi huuzwa.

Ajira nazo zigawanywe kwenye maelezo. Mtambo wa jua au upepo unahitaji watu wengi wakati wa ujenzi, mwaka mmoja au miwili, kisha wachache sana wa kuuendesha. Kampuni ikitaja idadi moja ya kazi bila kusema ni za miezi mingapi, bado haijakuambia kitu.

Karatasi ya mahudhurio

Nimalizie na ile karatasi inayozungushwa mkutanoni. Ina safu za jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi. Wengi huisaini kama wanavyosaini daftari la mazishi, kwa heshima. Karatasi hiyo husafiri, huambatishwa nyuma ya ripoti na hufika NEMA, ikawa ndiyo ushahidi kwamba mlishauriwa. Kabla ya kuisaini, soma juu imeandikwa nini. Kama haina kichwa, andika mwenyewe kando ya jina lako: "nimehudhuria tu" au "sikubaliani, ripoti haijaletwa." Piga picha ya ukurasa. Mwambie katibu wa mkutano asome muhtasari kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na maswali yaliyokosa majibu yaandikwe pia. Kijiji kiwe na nakala yake, ikae msikitini, kanisani au kwa mzee wa mtaa.

Ripoti ikishafika NEMA, nenda ofisi yao ya kaunti uombe kuiona, ni haki yako. Mkiweza, mtafuteni mwalimu wa sekondari au mwanafunzi wa chuo kikuu awasomee sura ya athari na sura ya masharti, hizo mbili zinatosha kuanzia. Pelekeni maoni kwa maandishi, mugongewe muhuri kwenye nakala mtakayorudi nayo. Leseni ikitolewa nanyi hamjaridhika, siku 60 zimeshaanza kuhesabika. Ya Amu Power ilitolewa Septemba 2016, na Save Lamu na wenzao walikuwa mbele ya jopo Novemba ya mwaka huo huo.